Baki

Mwezi wa nne mwizi alipita, akabeba sungura wanne
akaacha banda wazi. Simbilisi niliwakuta nyuma ya ndoo,
wamebanana, wanatetemeka. Kumi na mmoja.
Niliwahesabu mara mbili kwa mwanga wa simu.
Milembe, mjukuu wangu, akasema: Bibi, tafuta mbwa.

Mbwa! Hapa Bugarika kila jiwe lina mshauri wake.
Fundi redio akasema, nunua jamani shefadi,
mwizi akimwona anakumbuka kwao.
Mama Bituro akasema, chukua kambwa kadogo,
kadogo kwa wadogo, si ndiyo hesabu?
Mimi nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja.
Jibu linalokuja mbio namna hiyo
mara nyingi limesahau ile moja ya kubeba.

Nikatia sungura kapuni, jike jeupe, yule mtulivu,
tukaanza kuzunguka mji.

Nyegezi tulimkuta mrefu, kiuno kama sindano.
Mama yake, alijisifu Lushinge,
alimaliza sungura pori wa Magu.
Mbwa hakubweka. Alilitazama kapu,
mguu mmoja wa mbele ukainuka, ukabaki hewani,
na dunia yote iliyosalia ikawa haipo.
Nilishukuru. Nikafunika kapu.

Kirumba kalikuwepo kadogo kweli, ka kulala kwenye sufuria.
Kumbe mababu zake walizalishwa waingie mashimoni
wakatoe panya. Kalikaa mbele ya kapu dakika ishirini,
hakakupepesa jicho.
Panya ni nani, simbilisi ni nani,
kwa pua isiyojua kusoma majina?

Igoma, kwa Sospeter, dume la miezi mitano,
kichwa kama debe, moyo kama uji.
Alimpenda sungura wangu papo hapo,
akamwekea mguu mgongoni kwa mapenzi
na sungura akalia, sauti ambayo hawaitoi ovyo.
Bwana mifugo aliyekuwepo akaninong'oneza:
Huyu bado mtoto, mama. Mtoto yeyote ni mpole.
Rudi umuulize akitimiza miaka miwili.

Siku hiyo nilikuwa nimechoka, sitafuti tena.
Nilishuka mwaloni Igombe kununua dagaa tu.
Nyuma ya vichanja, kwa Gaudensia afugaye bata,
jike la kahawia, sikio limechanika,
limelala kivulini, na vifaranga sita wa bata
wanapanda mgongoni mwake, wanateleza, wanapanda tena.
Mbegu gani huyu? nikauliza.
Gaudensia akacheka. Mbegu ya hapahapa.
Kazaliwa chini ya banda la bata, kakulia humo.

Nikafunua kapu.
Akanusa mara moja. Akapiga chafya.
Akageuza uso upande wa ziwa,
kama mtu apitaye dirishani kwa jirani
akakuta wenyewe wanakula.

Milembe alitaka tumwite Malkia. Nikakataa.
Tulipotoa wote waliosifiwa, huyu ndiye aliyesalia:
Baki. Na nikimwita hivyo langoni, anabaki.

Anakula ugali na mapanki. Analala mlangoni pa banda.
Mwezi wa nane kitu kilikwaruza ukuta usiku,
akabweka mara mbili, kikaondoka na mambo yake.

Lakini alasiri, pimbi wanapotoka kuota jua
kwenye jabali lililo juu ya paa langu,
naona nywele za shingo yake zinasimama
na mguu mmoja wa mbele unaanza kuinuka.
Ananitazama. Namtazama.
Simgombezi. Damu hakuichagua,
na mimi pia vipo ninavyovitazama jabalini
nikaacha vipite.
Mguu unarudi chini polepole.

Jioni nafunga komeo. Namwamini Baki,
na komeo naliamini.
Kisha nahesabu simbilisi: kumi na wanne,
kumi na watano, kumi na sita...
huyu wa mwisho, mwenye doa, asubuhi hakuwepo.
Milembe, lete taa. Naanza upya.